Taa ya Vyura wa Shemeji

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na tundu la kitasa bado lipo, ndiyo maana mgeni akikaa katikati huinuka upesi akijishika suruali. Wenyeji wanajua pa kukaa. Kinyozi wanamwita Waziri, kwa sababu hakuna jambo la dunia wala la jirani asilolitolea tamko, na matamko yake huyatoa akiwa mlangoni, mashine mkononi, kichwa cha mteja kikimsubiri ndani. Shoti, fundi umeme, huegemea ukuta. Jina hilo kapewa na wateja wake, na nyuma yake kuna mapazia yaliyoungua. Broila hufuga kuku wa nyama, na wenzake wamemwamuru akae upande ambao upepo ukipita kwake haurudi kwao. Bi Moto ana birika na vikombe vidogo, na ndiye peke yake kijiweni hapo anayefanya kazi. Alasiri hiyo alikuwapo pia Breki, dereva wa lori aliyestaafu, mtu ambaye siku nyingine ukishamkalisha hainuki mpaka kahawa ikauke. Siku hiyo alikuwa akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka, hata ubao ukaanza kulia.

— Breki, kaa basi, unatutia kizunguzungu, alisema Bi Moto.

— Nimekaa.

— Umesimama.

Breki akajitazama, akaona kweli kasimama. Akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu na mguu wa kulia ulikuwa unatikisika kivyake, kama bado unatafuta pedeli.

Haya, kisa chenyewe ni hiki, na usicheke kabla hakijaisha. Mkewe alikuwa mtunza maabara wa shule maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, akawarudishia, akaomba wampe lile tangi la kioo lililokuwa likila vumbi stoo. Akalipeleka nyumbani, akalipanga mwenyewe: changarawe chini, udongo juu yake, vipande vya magome ya mti, kisha okidi za maua madogo meupe, na mwisho vyura wa kijani wadogo, hata mkubwa wao angekaa juu ya kifuniko cha chupa ya soda. Juu ya tangi akaweka taa. Kila jioni vyura hao walikuwa wakilia sebule nzima, na mama huyo anazima televisheni awasikilize. Breki alikuwa akinung'unika kwamba kaendesha lori miaka yote hiyo ili aje azeeke karibu na dimbwi.

Kisha mama akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji alimshika mumewe mkono, na hakusema habari za nyumba wala za watoto, maana watoto ni wakubwa na wana nyumba zao. Alimwachia kazi moja tu. Akamwambia, niangalizie tangi langu.

Na Breki akaiharibu kazi hiyo siku ile ile. Alifuta kifuniko kwa kitambaa kilicholowa, taa ikiwa inawaka. Ikatoa cheche, ikafa. Kwa hofu akanunua nyingine, kubwa, zile watu wanazofunga uani kufukuzia wezi. Sasa majani ya okidi yameungua kingo, matumba ya maua yamedondoka, na vyura wamejibanza nyuma ya magome, hawatoki, hawalii. Na mama anaruhusiwa kutoka hospitali kesho. Duka la vifaa vya umeme liko hapo kona ya pili na hufungwa jioni. Breki alitaka ajue taa ya kununua kabla halijafungwa, basi, hakutaka kingine chochote duniani. Akawauliza rafiki zake. Hapo ndipo alipokosea, lakini angemuuliza nani?

— Tatizo lako ni wati, alianza Shoti. — Umeweka taa ndogo.

— Ndogo? Ukiingia sebuleni kwangu bila kukunja uso huoni mlango wa kutokea.

— Wewe unaangalia kwa macho mawili. Ua linaonea majani, na majani ni mengi. Kwa hiyo mwanga unagawanyika. Kila jani linapata kijipande.

— Shoti, majani yanaungua.

— Hayaungui. Yanazoea.

Broila alikuwa akisubiri zamu yake huku akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi nilishamwambia dawa. Taa isizimwe. Kifaranga ukimzimia taa anakimbilia kona, wenzake wanamlalia, asubuhi unazoa maiti. Kwangu mimi mwanga ni mchana kutwa na usiku kucha. Na kuku wangu si mnawaona?

— Tunawaona, alisema Bi Moto. — Na hata tusipowaona tunajua wapo.

— Ulifuata nilivyokwambia, Breki?

— Nilifuata.

— Basi kilichobaki ni joto. Toa hiyo nyeupe, weka balbu nyekundu ya vifaranga. Chura akipata joto atalia mwenyewe.

— Atalia kweli, alisema Waziri kutoka mlangoni. — Chura ukimpa joto la kifaranga, jioni unamkuta mchuzi. Jamani, ninyi mnaongea mambo ya taa bila kujiuliza taa ni nini.

Wote wakajua tamko linakuja. Breki akalitegea sikio kwa moyo wote, maskini, kwa sababu mtu aliyebanwa humsikiliza hata anayemjua kuwa ni mwongo.

— Taa ni dawa, Waziri aliendelea. — Ndani humu nina kabati la vifaa vyangu. Lina taa ya zambarau. Kitana kikikaa chini ya taa ile muda wa mteja mmoja, hakuna kijidudu kinachobaki hai. Sasa ua linaloungua kingo lina ugonjwa. Chura asiyelia ana ugonjwa. Mtu asiyelia ana ugonjwa. Weka taa ya zambarau, ugonjwa utakwisha.

— Inaua kila kijidudu? aliuliza Bi Moto.

— Kila kimoja.

— Na chura ni mkubwa kiasi gani kuliko kijidudu?

Waziri alifikiri kidogo.

— Chura yuko katikati, alisema. — Itategemea taa itaishia wapi.

Breki alikuwa tayari ameinuka.

— Nipe hiyo. Nitairudisha kesho asubuhi.

— Breki, kaa chini, alisema Bi Moto, na safari hii hakutania. — Unataka mkeo aje akute kaburi la kioo?

Akakaa. Alijua kabisa kwamba Waziri hajui kitu, na bado mguu ulikuwa umeshainuka. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mkewe alazwe: ukimwambia aweke mshumaa angeweka mshumaa.

— Kwani shida ni ndogo tu, alisema Shoti, ambaye hapendi mazungumzo ya umeme yamponyoke. — Tatizo ni kwamba mle ndani kuna wapangaji wawili katika chumba kimoja. Okidi anataka dirisha wazi. Chura anataka pazia. Taa moja haiwezi kuwaridhisha wote. Tunafunga tatu. Ya kijani kwa ajili ya majani, nyeupe kwa ajili ya maua, nyekundu kwa ajili ya vyura. Zinawaka kwa zamu, kama pale njia panda. Nafunga mwenyewe leo hii.

— Wewe usifunge kitu, alisema Broila. — Ulifunga taa bandani kwangu, jogoo wakawa wanawika nikigusa mlango.

— Ule ulikuwa umeme mdogo tu wa kupotea.

— Ulinipotelea mkononi.

— Basi Breki ni dereva, tumpe kitu anachokijua. Taa ya mbele ya lori. Betri pembeni, swichi yake ile ile. Mchana anaweka fulu, okidi wanashiba. Jioni anaweka dimu, vyura wanapishana vizuri.

Breki aliwaza. Ajabu ni kwamba hilo la fulu na dimu lilimwingia akilini kidogo, pengine kwa sababu lilikuwa la barabarani. Lakini akaiona taa ya lori juu ya tangi la mkewe, na mkewe anaingia kwa magongo, anaiangalia. Akaliacha wazo hilo.

— Mnajisumbua, alisema Waziri, akitoka kabisa nje. — Hawa vyura si wagonjwa.

— Si umesema sasa hivi wana ugonjwa? aliuliza Bi Moto.

— Hiyo ilikuwa taarifa ya awali. Hawa wamegoma. Wamezoea uso wa mama, wanaona uso wa Breki. Wewe ungekuwa chura, ungelia? Chukua picha ya shemeji, ile kubwa ya harusi, iegemeze kwenye kioo, mulika picha badala ya vyura.

— Ya harusi alikuwa na shela. Uso hauonekani.

— Basi ya kitambulisho.

Hapo Broila akasema picha haina harufu, na mnyama humjua mtu kwa harufu, bora ipelekwe kanga ya mama itandikwe chini ya taa. Shoti akasema kanga chini ya taa ile itashika moto, na katika mambo ya vitambaa kushika moto alitaka asikilizwe kama mtaalamu. Waziri akasema kama ni harufu basi Broila asikaribie nyumba hiyo kabisa. Sauti zikapanda. Shoti akatoa bisibisi mfukoni, si kwa ugomvi, ila yeye akiongea kwa nguvu lazima ashike bisibisi. Breki akainuka, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, akachungulia kama duka bado liko wazi, akarudi. Alitamani kuwapigia kelele wote. Wanacheka, aliwaza, kesho wao wataamkia kwenye kahawa na mimi nitasimama sebuleni nikimwangalia mke wangu akiangalia lile tangi.

Wakati huo pazia la kibanda likafunguka, akatoka mtu ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa na shuka la kinyozi shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umenyolewa ukang'aa na upande wa kulia bado una msitu wake wote. Alikuwa mteja wa Waziri, mpita njia tu, na alikuwa amesahauliwa kitini. Akakaa benchini, katikati, akainuka upesi, akasogea.

— Samahani, wakubwa zangu, alisema. — Nimesikiliza kutoka ndani muda mrefu. Hilo tangi ni la nani?

— La mke wa huyu, alisema Broila.

— Marehemu?

— Marehemu wapi, yuko hospitali, anatoka kesho.

— Fahamu anazo?

— Kutuzidi sisi wote tukijumlishwa.

Yule mtu akajikuna upande wenye nywele.

— Na yeye anasema alikuwa anatumia taa gani?

Shoti akairudisha bisibisi mfukoni taratibu. Broila akaanza kusema kitu kuhusu vifaranga, akaishia njiani. Wote wakamgeukia Breki, na Breki akaona haya ya mtu aliyekamatwa hadharani, kwa sababu wao swali hilo halikuwajia, lakini yeye lilimjia tangu siku ya kwanza.

— Siwezi kumuuliza, alisema.

— Kwa nini?

— Kwa sababu nimemwambia wanaimba. Nampigia kila jioni. Ananiuliza, vyura wangu wanaimba? Namwambia wanaimba mpaka wanakera. Anacheka. Mtu amelala pale na vyuma nyongani, nikasema angalau kitu kimoja kisimuumize. Sasa nikimuuliza taa, atauliza ile yake iko wapi. Na nikishasema hilo, yote yatatoka.

Hakuna aliyemcheka.

— Mpigie, alisema Bi Moto.

— Bi Moto.

— Kesho ataona kwa macho yake. Bora asikie kwako kwanza. Piga, baba.

Breki akatoa simu. Akabonyeza jina la mwanawe kwa makosa, akakata, akabonyeza tena. Masikio yake yaliharibiwa na injini, hivyo simu zake zote huongea kwa sauti ya wazi, mtaa mzima ukasikia ikiita.

— Baba watoto? Mbona mapema leo? Kuna nini?

— Hakuna kitu. Hamjambo huko?

— Sisi na nani? Niko mimi na mguu wangu. Sema.

Akasema, lakini kwa kuzunguka. Alianza na maji kukatika, akapita kwa jirani aliyeuliza hali, akagusia kwamba ameosha mapazia. Mkewe akamwacha azunguke mpaka barabara zikamwishia.

— Taa yako niliiua, alisema mwishowe. — Siku ile ile uliyolazwa. Nikanunua nyingine na nadhani siyo. Maua yanaungua. Na vyura hawaimbi. Nilikuwa nakudanganya. Hawajaimba tangu uondoke.

Mashine ya Waziri ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake. Akaizima.

— Wako hai? mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

— Wako hai wote. Leo asubuhi nimewatafuta kwa tochi nyuma ya magome, nikawaona.

Pumzi ndefu ikasikika kwenye simu, hata yule mteja mwenye nusu kichwa akaisikia.

— Nilijua hawaimbi, alisema. — Si unanipigia ukiwa sebuleni? Mimi nikiongea na dada yangu kutoka hapo jioni, lazima nizibe sikio moja, hatusikilizani. Wewe ukipiga, kimya. Kila siku kimya. Nikajua wamekufa, unanificha. Nikawa nakuuliza hivyo hivyo, wanaimba, unaniambia wanaimba, nacheka, ukikata nageukia ukuta. Niliogopa kukubana. Nikasema nikimbana atasema wamekufa.

Wote wawili, siku zote hizo, kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa uongo ule ule, na wote wawili wakikesha kwa ajili ya uongo huo. Bi Moto akamgusa bega, akamwonyesha kwa kidole kule dukani.

— Taa yako ilikuwa ya namna gani? akauliza Breki.

— Nyeupe ya kawaida tu. Ile nyembamba, ndefu, isiyotoa joto. Fundi yeyote anaijua.

Shoti akaanza kukagua ukuta kwa makini sana.

— Inyanyue kidogo isikae juu ya kioo. Majani yaliyoungua yaache, okidi ni mvumilivu, ataleta mengine. Hilo la taa si kubwa, mume wangu, ungeniuliza tu. Unaizima saa ngapi?

Breki aligeuka benchini.

Akamtazama Broila. Broila akatazama ndani ya kikombe chake, na kikombe hakikuwa na kitu. Shoti, aliyekuwa na jibu la wati na jibu la zamu na jibu la betri, alirudia kuukagua ukuta. Waziri alikuwa akipangusa mashine iliyokuwa safi. Alasiri nzima walikuwa wamegombania taa ipi iwashwe, ya rangi gani na kwa nguvu gani, na hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba taa nayo huzimwa.

— Baba watoto, unanisikia? Usiku unaizima saa ngapi?

— Siizimi.

— Usiku kucha?

— Usiku kucha. Niliambiwa kwamba...

Akakatiza. Ingekuwa rahisi sana kumtwika Broila mzigo huo, na Broila alistahili, na alishainamisha kichwa tayari kuupokea.

— Hapana, alisema Breki. — Niliambiwa, lakini niliambiwa kitu nilichokuwa nakitaka. Nyumba ikiwa giza na wewe haupo, siwezi. Nilijaribu kulala chumbani kwetu nikashindwa. Nalala kwenye kochi, mbele ya tangi, taa ikiwaka. Na hata hapo silali. Nafumba macho tu.

Mtu huyo alikuwa amekatisha misitu peke yake usiku, na mzigo nyuma, miaka na miaka, na kijiweni hapo alikuwa akijisifu kuhusu safari hizo za usiku. Sasa alikuwa ameyasema haya mbele yao wote na hakujali.

— Basi ndiyo hivyo, alisema mama, polepole. — Vyura wale wanangoja usiku uingie waimbe, na usiku kwako hauingii. Wamekesha na wewe, maskini.

— Nifanyeje?

— Leo zima. Giza likiingia nje, zima na hiyo.

— Na mimi?

Kwenye simu, kwa mbali, ilisikika sauti ya nesi akimwambia mtu wa kitanda kingine ageuke.

— Wewe ukishazima, nipigie, alisema. — Mimi pia huku silali. Usikate mpaka mmoja wetu asinzie.

Breki akasema haya, mke wangu, na akaendelea kushika simu sikioni ingawa ilikuwa imekwisha kukatika. Watu wa benchi wakaangalia chini. Bi Moto akaanza kukusanya vikombe ili Breki awahi duka, hata vile ambavyo bado vilikuwa na kahawa, na hakuna aliyemkatalia.